Maharage ya Mwisho ya Virgil

Oleta Combs hakuwa mtu wa kufundishwa kusindika maharage, tena na nani? Na mtoto wa miaka tisa! Kwenye vilima vile vya Kentucky kila mama ana beseni lake la bati uani: unapanga chupa za maharage mabichi, pamoja na maganda yake, unamwaga maji, unakoka moto, unachemsha kwa muda wa saa tatu, na maharage yanakaa mwaka mzima. Sufuria ya presha Oleta hakutaka hata kuiona. Ya shangazi yake ililipuka zamani, kifuniko kikakwama kwenye dari, na tangu siku hiyo akasema ng'o.

Jumapili hiyo wanawe walikuwa wanakuja kula, mara ya kwanza tangu wamzike baba yao, Virgil. Oleta akashuka stoo, akapanda na chupa zilizobaki za kiangazi kilichopita, akazipanga mezani karibu na dirisha. Miezi yote alikuwa amezibania, hakumpa mtu. Ukitazama kupitia kioo cha chupa, vipande vifupi ni alivyovunja yeye. Vile virefu, ovyo ovyo, vilikuwa vya Virgil, aliyekaa barazani na karai mapajani, pumzi zikimkatika, akivunja maharage huku mkewe akimsema.

"Utawakaba watu, mzee wewe!"

"Si wana meno? Watatafuna."

Maylee akaingia jikoni, akaziona zile chupa, akasimama. Huyu ndiye mjukuu aliyelelewa na Oleta na Virgil tangu akiwa mchanga. Siku hizi alikuwa anakwenda darasa la watoto la mapishi pale kanisani, na tangu aanze, jamani, nyumba haikukalika! Mara bibi usioshe kuku kwenye sinki, maji yanarukia saladi. Mara bibi nyama haiyeyushwi mezani, iweke kwenye friji. Oleta alikuwa akimcheka, na mengine akiyafuata kimyakimya.

"Bibi, hizo ulizichemsha kwenye beseni?"

"Kwani ningezichemsha kwenye kofia?"

Maylee hakucheka. "Mwalimu amesema maharage lazima presha."

"Mwalimu wako kazaliwa jana. Mimi nimekula haya tangu sijaota meno. Nimekufa?"

"Hujafa kwa sababu huwa unayachemsha tena na mafuta ya nguruwe mpaka yanarojeka. Leo shangazi Renee amesema atayatia kwenye saladi, hivyo hivyo ya baridi."

Kweli Renee alisema hivyo kwenye simu.

"Wale vijidudu hawafi kwa maji ya kuchemka, bibi. Ukishafunga chupa wanabaki mle ndani bila hewa, ndivyo wanavyopenda, wanatengeneza sumu. Na mara nyingine haina hata harufu."

"Basi nitayachemsha mwenyewe. Saladi yake aitie kabichi."

"Hapana, bibi. Mwalimu amesema yakisindikwa vibaya usionje, hata kufungua usifungue. Unatupa na chupa yake."

"Nitupe?" Sauti ikampanda. "Unajua ni mikono ya nani iliyovunja haya? Eh? Unajua?"

"Najua! Nilikuwepo! Babu alikuwa ananipa vikonyo niwarushie kuku. Babu hayupo tena, bibi. Na wewe ukiondoka, mimi nitabaki na nani?"

Oleta akavuta kiti, akakaa. Kufa kwa sababu ya maharage hakukumtisha hata kidogo. Kilichomtisha ni kushuka stoo kesho na kukuta rafu tupu, bila chochote alichokigusa Virgil. Akaziangalia zile chupa. Kisha akamwangalia Maylee. Sahani ya kwanza ya maharage yale alikuwa amepanga kumpa yeye.

"Lete mfuko," akasema. "Lete miwili, tuvalishe mmoja juu ya mwingine."

Wakazitia moja moja. Ya mwisho Oleta aliikumbatia kifuani kidogo kabla ya kuiachia. Wakabeba mfuko pamoja kuelekea kwenye pipa la taka, mmoja upande huu, mwingine upande ule.

"Polepole, mwanangu," akasema. "Usizigonge."

Mchana walipokaa mezani, kukiwa na mkate wa mahindi, viazi na kuku, mwanawe mkubwa Dwight akachungulia masufuria.

"Mama, yako wapi yale maharage ya baba? Au umeyamaliza peke yako?"

"Nimeyatupa."

Renee akaweka uma chini.

"Yangeweza kutudhuru," Oleta akasema. "Na baba yenu hakukaa pale barazani, na pumzi zile, ili atudhuru."

Hapo ndipo alipolia, mbele ya wote, bila kuficha uso. Maylee akashuka kwenye kiti chake, akaja kusimama karibu naye, akamshika mkono.

"Kesho," Oleta akamwambia alipoweza kusema, "utakuja na huyo mwalimu wako. Na hilo sufuria lake la presha. Lakini yeye ndiye atakayesimama karibu nalo."