Darasa la Kusubiri

Siku ya mkutano wa wazazi nilivaa kitenge changu cha kijani, kile chenye maua ya njano, na kwa kuwa nilikuwa mkubwa kuliko wote mle ndani, waliniita mbele nipige kura. Shule yetu hapa Nyakabiga ina madarasa mawili ya mwaka wa tisa, A na B. Mjukuu wangu Assia yuko B. Madame Elvire, binti mpole anayefanya utafiti juu ya kufundisha hesabu na sayansi, alieleza kwamba darasa moja litapata masanduku ya vifaa na njia mpya ya kusoma. Lile jingine litaendelea kama zamani, litapewa vyake mwaka unaofuata, ili wapime tofauti.

Kura yenyewe ilikuwa vifuniko viwili vya soda ndani ya kofia ya mlinzi. "Mukono wa muzee hauna upendeleo," mkurugenzi wa shule akasema. Nikasema Bismillahi, nikaingiza mkono, nikatoa A.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, maana nilikuwa sijaelewa.

Njiani kurudi Assia akaniuliza, "Bibi, mwaka kesho mi nitakuwa wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Konkuru, mtihani wa taifa, ni mwaka huu huu. Assia anataka kusomea uuguzi tangu alipoona marehemu babu yake akichomwa sindano bila kulia, na huko hawakupokei bila hesabu. Akianguka, shule yetu haina viti vya kurudia.

Habari ikafika mtaani kabla yangu. Tajudini, fundi wa pikipiki anayefanyia kazi kwenye geti letu, akaniita huku mikono imejaa grisi: "Eh, Bibi Zubeda! Siku ukienda kucheza loto uniambie, nichague namba zingine!" Wakacheka wote. Nami nikacheka, ningefanya nini?

Ukuta wa kati ya A na B una matundu juu ya kupitishia hewa. B wananakili ubaoni, A wananing'iniza mawe kwenye fimbo iliyofungwa kamba katikati, waone upande gani unazidi. Siku moja A walichanganya marakuja, yale matunda ya pasheni, na maji kwenye chupa, kikombe kimoja kwa vitatu, kimoja kwa vitano, halafu wakanywa. Harufu ikapita matunduni.

"Bibi," Assia akaniambia akivua viatu, "wale wanakunywa hesabu."

Nikaenda kumwona mwalimu wake, Monsieur Aloys. Alikuwa anafuta ubao kwa kitambaa cha suruali kuukuu.

"Monsieur, na sisi wazazi tunaweza kuleta marakuja. Hata kidogo."

"Apana, Bibi. Nimeambiwa nifundishe kama kawaida. Nikibadilisha, naharibu."

"Unaharibu nini?"

"Tofauti." Akatazama chaki yake. "Hata mi nawasikia wakicheka. Unafikiri inanifurahisha?"

Si mtu mbaya, Aloys. Basi nikapanda hadi Kigobe, kwenye ofisi ya Madame Elvire. Akanipa kiti chenye mto, akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho bila kutazama simu. Nikamwomba mtoto mmoja tu, amhamishie A.

"Bibi, nikihamisha mumoja kwa sababu bibi yake amekuja, kesho watakuja mabibi wote."

"Waje. Utawakatalia?"

Akacheka kidogo. "Na hatujui bado kama njia hii inasaidia kweli. Labda inawapotezea wakati. Ndiyo maana tunapima."

"Mwanangu, mi nimesoma shule ya musingi tu. Lakini mutoto anayecheka na mutoto anayelia kwenye hesabu, nawatofautisha bila kupima."

Akaniomba radhi, akasema haiwezekani. Hakunikatalia kwa ukali, na hilo ndilo lililonishinda. Mtu mkali unaweza kugombana naye. Huyu alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono nikivuka.

Nikanunua marakuja mwenyewe, yale yaliyokunjamana, yenye utamu. Nikayakamua, nikachuja, nikapanga vikombe mezani. Nikamwambia Assia aanze. Akavitazama vikombe.

"Sasa hapa, Bibi, hesabu iko wapi?"

Juisi nilijua kuitengeneza. Kuigeuza hesabu sikujua. Alinisubiri kwa adabu, kalamu mkononi, mpaka nzi wakaja. Tukainywa.

Mwezi wa matokeo jina lake halikuwemo kati ya waliofaulu. Akasoma orodha ukutani mara nyingine, kidole kikishuka polepole, kisha akanipisha niangalie na mimi, kana kwamba macho yangu yangeona zaidi.

Siku chache baadaye simu ikalia. Alikuwa Madame Elvire, sauti yake imechangamka.

"Bibi Zubeda! Tofauti imeonekana, na ni kubwa. Sasa tunaweza kuomba vifaa kwa shule zingine."

"Na Assia?"

Nikasikia anavuta pumzi. "Nimeona, Bibi. Pole sana. Lakini bila watoto wa B tusingeweza kujua."

"Asante, mwanangu," nikamjibu, kwa sababu tangu mwanzo alikuwa ameniheshimu.

Assia alikuwa amekaa mkekani, anapunguza kiuno cha sketi yake ya shule. Anampa Orlane, binti wa jirani, atakayeingia B mwezi wa tisa, masanduku yakija.

"Nani huyo?"

"Madame."

"Wamepata walichokuwa wanatafuta?"

"Wamepata."

Akakata uzi kwa meno. "Bibi, nishikie upande ule, unateleza." Nikaushika, akaendelea kushona.