Sindano za Mwalo wa Gregory

Mbuke alishika kikombe cha uji kwa mikono miwili, akakisogeza mdomoni mwa mumewe. Nkwabi akikishika mwenyewe, nusu iliishia kifuani.

"Meza, Baba Lusia."

Nkwabi akameza, kisha akamkazia macho. "Wewe ni dada yake Mwita?"

"Mimi ni Mbuke. Mkeo."

"Eh. Mbuke." Akacheka kwa aibu.

Nkwabi alikuwa mchomaji kwenye mwalo wa Gregory, eneo la kusafishia dhahabu nje kidogo ya Katoro. Wenzake wakishanasa dhahabu kwa zebaki, yeye aliliweka donge kwenye karai juu ya jiko la mkaa, zebaki ikapaa kwa moshi, dhahabu ikabaki. Kibanda cha kuchomea kilikuwa cha mabati, chenye kidirisha kimoja. Wachomaji walipoanza kutetemeka waliomba mtungi wa chuma wa kufunika ule moshi. Gregory akawaletea sindano.

"Protini ya kulinda ubongo," aliwaambia, vichupa vimepangwa kwenye friji la soda ofisini. "Moshi unaushikisha ubongo kutu, hii inazuia kutu. Chomeni bila wasiwasi."

Kila Jumatatu Nkwabi alidungwa, akarudi kwenye moshi.

Asubuhi hiyo Mbuke alifunga kichupa kitupu kwenye pindo la khanga, wakapanda bodaboda, Nkwabi katikati asije akaanguka. Kituo cha afya kilikuwa na foleni mpaka barabarani. Jua lilikuwa limeshakuwa kali walipoitwa.

"Shikamoo mama," alisema Daktari Violeth, binti mdogo tu.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea huyu."

Daktari akamwambia Nkwabi aguse pua kwa kidole. Kidole kikaenda jichoni. Mbuke akamwekea daktari kichupa mezani, akamweleza habari ya kutu.

"Kutu si uongo wote, mama. Zebaki ikifika kichwani inazila seli za ubongo polepole, kama kutu inavyokula chuma. Na wapo wataalamu wanaotafuta protini ya kuzikinga. Lakini wako maabara bado, wanajaribu kwa panya. Hakuna sindano ya kumwambia mtu aingie kwenye moshi." Akakigeuza kichupa. "Hiki hakina hata jina la kiwanda."

"Atapona?"

"Ninampa rufaa akapimwe. Mengine yanaweza kurudi. Mengine..." Akaanza kuandika.

Mbuke hakulia. Alimwacha Nkwabi kwa jirani yake Bhoke, akachukua jiko, mkaa uliokolea, karai na kopo lenye mfuniko, akaenda mwaloni.

Siku hiyo kulikuwa na ukaguzi. Maofisa wawili walikuwa ofisini na Gregory, na ukaguzi ulikuwa umeshafika kwenye nyama choma. Mageni, mlinzi wa getini, alipoona jiko alidhani mama analeta moto wa nyama. Akampisha.

Mbuke aliliweka jiko mlangoni kabisa mwa ofisi, karai juu yake, akamimina kilichokuwa kwenye kopo. Kikachemka, kikafuka.

"Samahani bosi. Nimekuja kumalizia kazi ya Baba Lusia."

Gregory aliruka, kiti kikaanguka. "Toa hiyo! Una wazimu? Zebaki hiyo!"

"Kwani sindano si zipo? Friji hilo hapo. Dunganeni."

Ofisa mmoja alijiziba pua kwa tai. Mwenzake alitokea dirishani, mfupa bado mkononi. Gregory alimpiga Mbuke kikumbo akapita, akasimama katikati ya uwanja akipiga kelele: "Msisogee! Inaua ubongo! Moshi huo hauna dawa!"

Karasha, mashine ya kusagia mawe, lilikuwa limezimwa. Wafanyakazi wote walisikia. Mwita, mchomaji mwenzake Nkwabi, aliyedungwa Jumatatu iliyopita tu, akalitua karai lake chini.

"Hauna dawa, bosi?"

Mbuke alitoka taratibu, akamsogelea Gregory, akautazama ule uso unaotoka jasho. Alisikia raha, raha kali kama pilipili, wala hakuionea haya. Alitamani Nkwabi angekuwepo, na angekuwa na akili ya kuikumbuka.

Alasiri polisi walimchukua Mbuke.

"Umehatarisha maisha ya watu," alisema afande kituoni. "Kwenye karai kulikuwa na nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya kisima. Na chumvi kidogo."

Afande akaweka kalamu chini, akajikaza asicheke. "Sasa walikimbia nini?"

"Waulize. Na mimi ndicho nilichotaka kujua."

Simu ikalia. Afande akasimama wima, akajibu ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa. Alipokaa, uso ulikuwa mwingine. Akaandika kosa jipya: kuzua taharuki. Mbuke akalala mahabusu.

Asubuhi Mwita alimletea chai. "Leo hakuna aliyeingia kibandani, shemeji. Lakini bosi ameagiza wachomaji wapya kutoka Chato. Wanafika na basi la mchana. Na friji limejazwa tena."

Mbuke alishika nondo za dirisha. "Mimi hawaniachii leo. Nenda wewe stendi."

"Niwaambie nini?"

"Waambie bosi wao alikimbia maji."