Zamu Ilikuwa ya Ayan

Ile ekee ilikaa siku kumi na nne ndani ya friza ya aiskrimu, na kila asubuhi Janat alikuwa anaifungua na kuichungulia kama mtu anaangalia mtoto amelala.

Usicheke. Friza ni kazi. Kikapu chochote cha nyasi kikiingia makumbusho lazima kwanza kifungwe kwa plastiki, kigandishwe, wadudu wafe na mayai yao, ndio kiruhusiwe kukaa na vitu vingine. Makumbusho yenyewe ni vyumba vitatu tu, orofa ya kwanza, Kisii mjini. Friza waliachiwa na mwenye duka la chini alipofunga biashara, na mpaka leo ubavuni ina picha ya aiskrimu ya pinki.

Janat yuko mwaka wa pili chuoni, anasoma historia. Alianza kujitolea hapo Januari. Kwanza akapewa ufagio. Halafu akapewa glavu nyeupe. Halafu akafunzwa kuandika vibao, kupima taa isichome rangi, kuinua chungu kwa mikono miwili hata kama ni kidogo kama kikombe. Halafu siku moja mkuu wa makumbusho, Bwana Ombui, akamtupia ufunguo wa chumba cha tatu bila hata kumwangalia.

"Vyombo vya jikoni vya Gusii. Utapanga wewe. Tunafungua Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Manze! Janat alienda choo akapiga kelele bila sauti.

"Lakini sikia," Ombui akamwambia aliporudi. "Mtu akiingia chumba, kuna kitu kimoja ataangalia kwanza. Hicho ndio kinakaa kwa kabati la kioo katikati. Ukikosea hicho, umekosea chumba chote. Na ukipatia, barua ya Nairobi nitaiandika mwenyewe."

Barua ya Nairobi ndiyo ilikuwa ndoto. Wiki sita za mafunzo ya wapanga maonyesho, na kila mwaka Ombui alipendekeza mtu mmoja tu. Mwingine aliyekuwa anajitolea hapo, Bravin, alikuwa anaitaka pia.

Na Janat alikuwa na kitu cha kuweka katikati. Kilikuwa kwao nyumbani, juu ya kabati la bibi yake Ayan, ambaye kwa Kisomali alimwita Ayeyo. Ekee. Kile kikapu cha mabua ya wimbi kilichosukwa kikashikana mpaka maji hayapiti, chenye kifuniko chake, cha kuweka ugali wa wimbi ubaki moto. Hii ilikuwa imezeeka ikawa rangi ya chai, na chini ilikuwa imetoboka ikashonwa kwa uzi wa buluu, ule wa gunia. Ayeyo alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita, wakati Janat yuko bweni, kidato cha nne. Alifariki asubuhi, akazikwa kabla ya alasiri, vile Waislamu huzika. Janat alipofika jioni na sanduku lake la shule, alikuta watu wanaosha masufuria. Tangu siku hiyo chumba cha Ayeyo kilikuwa kama kinamdai salamu.

"Abo, hii ekee ilitoka wapi?" alimuuliza babake, Hafiz, ambaye anauza vitambaa.

"Kuna mama mmoja wa Nyamira alikuwa rafiki ya mama. Wa ndizi."

"Anaitwa nani?"

"Eeh, Janat, mimi nilikuwa nauza vitambaa ama nilikuwa naandika majina ya wamama wa ndizi? Chukua. Si iko hapo tu inakula vumbi?"

Akachukua. Kwa kitabu cha vitu vya makumbusho akaandika kwa mkono wake: zawadi ya familia. Angeweza kuandika mkopo, lakini kitu cha mkopo hakiwekwi kwa kabati la katikati, hiyo ni sheria ya Ombui. Akaifungia namba kwa uzi mwembamba. Kibao akaandika hivi: Ekee. Nyamira. Aliyeisuka na mwenyewe hawajulikani.

Jumanne akaiweka ndani ya kioo, taa ikaishukia kutoka juu, na Janat akasimama mlangoni akasahau kupumua. Ilikuwa kama Ayeyo ametoka tu kwenda kuswali na atarudi saa hii. Akapiga picha. Akaiweka Facebook.

Watu wakapenda, wakaweka mioyo, wengine wakauliza kiingilio. Halafu Jumatano jioni mtu anaitwa Phanice akaandika chini ya picha:

"Wewe msichana. Hiyo ekee ni ya mama mkwe wangu. Nani amekuambia hajulikani?"

Ijumaa asubuhi wakaja wawili. Ijumaa kwa sababu Jumamosi ni Sabato, na mama mkwe wa Phanice haendi popote siku ya Sabato isipokuwa kanisani. Alikuwa mama mzee mwenye kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi, anapanda ngazi moja moja, Phanice nyuma akimshika kiwiko.

"Bwakire," mama akasalimia chumba chote, na vyungu.

"Bwakire, mama. Karibuni," Janat akajibu. Ekegusii chake ni cha sokoni, lakini salamu anazijua.

Mama alikuwa ameshafika kwenye kioo. Aliweka kiganja juu yake, na Janat, haki ya Mungu, alikaribia kusema usiguse.

"Hii uzi ni mimi niliweka," mama akasema. "Panya ilikula hapa. Nikashona na uzi ya gunia ya mbolea. Mama Hafiz alinicheka! Akasema, Damaris, umevalisha ekee soksi." Akageuka. "Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni mjukuu wake. Janat. Hafiz ni babangu."

"Kumbe ni wewe Janat! Ulikuwa unalia ukiona kuku." Akamwangalia juu mpaka chini, na uso wake ukafungwa. "Sasa niambie. Mama Hafiz alinikasirikia nini?"

"Kukukasirikia?"

"Miaka arobaini, mwana one, mwanangu. Mimi natuma ekee na wimbi, ama ndizi, yeye anarudisha na kitu ndani. Haijawahi kurudi bure hata siku moja. Idi yake, anarudisha. Mtoto akizaliwa, anarudisha. Mara ya mwisho magoti yangu yalikuwa yamekataa, nikatuma na huyu Phanice, imejaa unga ya wimbi. Akaiacha kwa duka. Sasa zamu ni yake. Nikangoja. Nikapiga simu, mteja hapatikani. Nikasema labda ni network. Nikamtuma huyu, akakuta duka imefungwa, hakuna mtu anajua walihamia wapi."

"Niliuliza mpaka nikachoka," Phanice akasema.

"Nikasema basi," mama akaendelea, polepole. "Kuna kitu nilisema. Mtu hawezi kukaa na chombo cha mwenzake miaka tatu kama hajaudhika. Nimefikiria kila neno nililowahi kumwambia. Sasa naona ameitupa huku, kwa watu."

Janat akaelewa. Mama Damaris hakujua.

Kwa kina Damaris mtu akifa, mwili unakaa mochari wiki mbili, redio inatangaza kwa Ekegusii asubuhi na jioni, majina ya ukoo mzima yanasomwa, mpaka mtu aliye shambani juu kabisa anasikia. Asiyetangazwa hajafa. Na kwa kina Janat wale wote waliotakiwa kujua walikuwa msikitini tayari. Hakuna mtu aliyefikiria redio. Duka lilihamishwa mwezi huo huo.

"Mama," Janat akasema. "Ayeyo hakukasirika. Alifariki. Ni miaka tatu. Wiki mbili baada ya huo unga."

Mama Damaris hakulia. Alitafuta kiti kwa macho, Phanice akamsukumia stuli ya mlinzi, akakaa.

"Yaya," akasema. Hapana. Halafu tena, chini zaidi, "Yaya."

Janat akapiga magoti sakafuni kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya.

"Nilimkasirikia," mama akasema mwishowe. "Unajua hiyo? Mwaka mzima wa kwanza nilimwomba Mungu amfundishe adabu. Na yeye ako kwa udongo."

"Mama, ichukue," Janat akasema, na hata yeye alishtuka kusikia sauti yake. "Ni yako. Nafungua kioo sasa hivi."

Mama akamwangalia kama amemtusi.

"Niibebe hivi? Tupu? Hiyo ni kuniambia tumemalizana." Akasimama akimwegemea Phanice. "Wacha ikae hapo watu waiangalie. Mimi nimeiona."

Wakashuka ngazi moja moja.

Janat alienda ofisini kwa Bwana Ombui akamweleza yote, haraka haraka, akikanyagana na maneno. Ombui alivua miwani.

"Iko kwa kitabu?"

"Iko."

"Imeandikwa nini?"

"Zawadi."

"Nani aliandika?"

"Ni mimi."

"Janat, kitabu si daftari la shule. Leo nikutolee wewe ekee, kesho ukoo mwingine waje wabebe zeze, keshokutwa tunaonyesha kuta. Kama mama amesema ikae, ikae. Si umesikia kwa mdomo wake?"

"Hakusema ikae kwa sababu anataka. Alisema kwa sababu iko tupu."

"Na kesho ni ufunguzi."

"Najua."

"Katikati utaweka nini?"

Janat akatazama kule chumba cha tatu. Alifikiria taa. Alifikiria vile angesimama kando ya kioo na wageni wakimuuliza, na yeye anaeleza bila kutazama karatasi. Alitaka hiyo siku, wacha nisikudanganye, aliitaka mpaka meno yakamuuma.

"Sijui," akasema. "Lakini sio hiyo."

Ombui akavuta kitabu, akakisukuma upande wake na kalamu nyekundu juu. "Basi kata. Andika sababu. Weka jina lako. Mtu akisoma miaka hamsini ijayo ajue ni nani alikosea." Na Janat alipomaliza kuandika, mzee akaongeza, si kwa ukali, "Kabati nampa Bravin. Na barua, mwaka huu siwezi. Unaelewa?"

Alielewa.

Jumamosi watu walijaa. Katikati palikuwa na kiboko cha jiwe alichoweka Bravin, ingawa si chombo cha jikoni, kinang'aa kwa nta, kila mtu anapiga selfie nacho. Janat alikaa mlangoni na kitabu cha wageni, anasema karibu, andika jina hapa, karibu.

Jioni hiyo, nyumbani, shida nyingine. Ayeyo alikuwa anaweka nini ndani?

"Sukari," babake akasema.

"Sukari wapi!" Shangazi Asli akamkatiza. "Ilikuwa kaimati."

"Kaimati ifike Nyamira? Si ingekuwa mawe?"

"Wewe Hafiz ulikuwa unaziiba zikiwa jikoni, utajuaje zilifika aje?"

Wakabishana mpaka wakaanza kucheka, halafu Asli akaacha kucheka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Janat akaingia chumba cha nyuma akampigia Phanice, akamwomba ampe mama simu.

"Mama, samahani kukusumbua. Ayeyo alikuwa anaweka nini?"

Kuku walisikika nyuma.

"Halwa," mama Damaris akasema. "Tende. Na viungo vya chai, vimefungwa na karatasi, amekunja ncha tatu. Wewe unauliza ya nini?"

"Nauliza tu, mama."

"Ncha tatu," mama akarudia. "Sio nne."

Jumapili, saa nne asubuhi, Janat alikuwa amesimama kwenye uwanja wa mama Damaris upande wa Kebirigo, huko Nyamira, majani chai pande zote mbili za njia, viatu vyake vya mjini vimekuwa vyekundu. Alishikilia ekee kwa mikono miwili, vile alivyofunzwa na Ombui, na vile vile, kumbe, ndivyo inavyopokelewa huko.

Mama aliipokea. Akaipima uzito kwanza. Akafunua. Harufu ya iliki ikatoka, na hapo, sasa, ndipo alipolia, kwa sauti, vile alikuwa amenyimwa kulia miaka mitatu. Phanice alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akasimama, akarudi ndani.

Baadaye mama alichukua tende moja akaitafuna na meno ya upande mmoja.

"Niambie siku hiyo," akasema. "Yote. Alivaa nini. Nani alimshika."

"Sijui, mama. Hata mimi sikuwepo. Nilifika wamemaliza."

Mama Damaris akaacha kutafuna. Akasogea kwenye benchi, akapapasa pale kando yake, Janat akakaa. Wakala tende. Mara mama anasema rafiki yake alikuwa anacheka mpaka anakaa chini, Janat anasema kweli, halafu tende nyingine, na mawingu yanapita juu ya chai.

Alipoaga, mama alimsindikiza mpaka barabarani, mikono nyuma ya mgongo. Hakubeba kitu.

"Usinipigie kuniuliza itarudi lini," akasema. "Wimbi bado iko shamba. Bado ni ya kijani."

"Siulizi, mama."

"Na mvua ikikataa, itabidi ungoje."

Sasa Janat, mtoto wa duka la vitambaa, ambaye hajawahi kupanda hata sukumawiki, kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani anachukua simu na kuangalia kama Kebirigo kuna mvua.