Goti la Kushoto la Tavaris Pettway

Jumanne alasiri, kabla ya mazoezi, Wendell Crump alimfunga Tavaris Pettway plasta kwenye vifundo vya miguu, kisha akachukua utepe wa fundi cherehani akauzungusha kwenye goti lake la kushoto. Wendell alikuwa mchua misuli wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Harlow, huko Kentucky, na kupima goti hilo kulikuwa sehemu ya kazi yake tangu Krismasi.

"Limepungua tena," alisema.

"Sana?"

"Sana kiasi cha kuonekana. Vaa soksi ndefu."

Tavaris akavaa soksi ndefu. Goti lake la kulia lilikuwa goti la kijana wa mwaka wa pili. La kushoto lilikuwa dogo, laini, na liling'aa kama kitasa cha mlango wa benki. Ukiliinamia, ulijiona uso.

Sababu ilijulikana na watu wote, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuizungumza. Mbele ya uwanja palisimama sanamu ya shaba ya Tavaris akiwa hewani, goti la kushoto limetangulia, usawa wa kifua cha mtu mzima. Vyuo vingine humngoja mchezaji azeeke au afe ndipo vimtengenezee sanamu. Harlow kilikuwa na mfadhili mwenye kiwanda cha mabomba ya bafuni, na shaba ilikuwa imebaki. Sanamu ilifunuliwa Novemba. Tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi aliyeingia kwenye mtihani, wala shabiki aliyeingia uwanjani, bila kwanza kulisugua lile goti apate bahati. Na bahati waliipata. Timu haikufungwa nyumbani, na darasa zima la kemia lilifaulu, hata wale waliokuwa hawajui maabara iko ghorofa gani. Kilichosuguliwa kule kilipungua huku.

"Mitihani ya wiki hii imeisha," Wendell alisema, akiukunja utepe wake. "Imebaki fainali ya kanda Jumamosi. Watakuja wengi. Ningekuwa wewe, mpaka siku hiyo nisingepanda hata ngazi."

Fainali haikuwa jambo pekee lililokuwa linamsubiri. Kocha Garland Stamper alikuwa amemwambia atoe jibu Jumapili: anabaki chuoni miaka miwili iliyosalia, au anaacha masomo na kuandikisha jina ligi ya kulipwa. Kocha hakuweza kungoja zaidi. Kulikuwa na kijana mwingine, mrefu kuliko Tavaris, aliyekuwa anaitaka nafasi yake kwenye timu.

"Nenda, kaka," Purnell, mwenzake wa chumba, alimwambia. "Kule watakulipa. Hapa wanatupigia makofi tu. Hebu mpelekee mwenye nyumba makofi mwisho wa mwezi uone."

"Bibi anataka shahada."

"Shahada inapokelewa kwa miguu, bwana. Ukibaki miaka miwili, jukwaani utapandia nini?"

Enzi hizo mchezaji wa chuo akinunuliwa hata mkate wenye nyama na mtu wa nje, alifungiwa. Jezi ya Tavaris iliuzwa katika duka lililotazamana na uwanja, na yeye mwenyewe akitaka moja ilibidi apange foleni kama wengine.

Alhamisi akaja bibi yake. Odessa Pettway aliendesha basi la shule pale Hopkinsville maisha yake yote ya kazi, na ndiye aliyemlea Tavaris baada ya mama yake kufariki. Pale hospitali alimwahidi binti yake kwamba mtoto huyu atakuwa wa kwanza katika ukoo wao kuvaa joho. Alikuja na kambare wa kukaanga kwenye karatasi, akaiweka juu ya meza ya Kocha pasipo kukaribishwa.

"Mama Pettway," Kocha alisema, "mimi na wewe tuko upande mmoja. Mtoto asome amalize. Ulimwahidi marehemu."

"Niliahidi. Sasa lifunike lile goti, mwanangu, ili mtoto amalize akiwa mzima."

"Haliwezi kufunikwa. Mfadhili hatapenda."

"Basi jengeni uzio."

"Tulijenga." Ilikuwa kweli. Walijenga uzio Januari na kuuwekea kilango kwa ajili ya watu wenye tiketi za msimu mzima. Waliweka na bango la kukataza kusugua. Bango hilo liliwakumbusha waliokuwa wamesahau.

Bibi Odessa akautazama mkono wa kulia wa Kocha. "Kiganja chako kina kijani cha shaba."

"Mimi huwa nagusa tu, mama. Kabla ya mechi. Sisugui."

Bibi Odessa alitaka kumwambia neno, lakini akaona mkono wake mwenyewe uliokuwa juu ya karatasi ya samaki. Nao ulikuwa na kijani, mpaka kwenye kifundo. Siku ya kufunua sanamu, Kocha alimwomba awe wa kwanza kuligusa goti ili wapiga picha wapate picha nzuri. Alifanya hivyo, na baada ya hapo hakuacha. Kila mechi alikuja na akina mama wa kwaya, wakasimama kwa mstari, kila mmoja akasugua na kuomba. Wenzake waliomba vikombe. Yeye aliomba joho.

Jioni alikaa na mjukuu wake kwenye gari, wakila wale samaki.

"Bibi, ulikuwa unasugua wapi?"

"Juu kidogo ya mfupa. Palepale panapong'aa."

"Huwa panauma hapo."

"Najua, baba. Sasa najua."

Wakamaliza samaki.

Jumamosi uwanja ulijaa kabla ya mchana, na wasiopata tiketi wakabaki nje na redio zao, wakauzunguka uzio. Bibi Odessa alikuwa na tiketi ya kiti cha mbele. Akampa mtu asiyemjua, akapita kwenye kilango na kusimama mbele ya sanamu akiwa na kofia yake ya kanisani. Mkononi alishika kipepeo cha karatasi cha kujipepea, kile chenye picha ya kampuni ya mazishi, ambacho kila kanisa la huko huwa nacho.

"Rudisha mkono," alimwambia mtu wa kwanza.

"Mama, nasugua mara moja tu. Tunapitwa."

"Wewe ni wa ngapi kusema mara moja tu? Rudisha, nisije nikakupiga na picha ya jeneza."

Kwa kipindi cha kwanza aliwaweza. Aliwachapa vidoleni kwa kipepeo, nao wakamheshimu kwa ajili ya kofia. Kipindi cha pili redio zikasema Harlow imeachwa nyuma. Watu wakaanza kuruka uzio. Kipepeo kikavunjika mpini. Mikono ikapita chini ya kwapa lake na juu ya bega lake, na kila iliposugua, redio zikatangaza kikapu. Wakasawazisha. Ndani ya uwanja, Wendell aliyekuwa kwenye benchi aliona soksi ya kushoto ya Tavaris inateleza, kwa kuwa hapakuwa tena na goti la kutosha kuishikilia.

Mechi ikaingia muda wa nyongeza. Sekunde za mwisho Tavaris akaangushwa chini ya kikapu, refa akampa mitupo miwili huru. Walihitaji yote miwili. Alichechemea hadi kwenye mstari.

Redio zikanyamaza. Nje, umati wote ukasogea kwa pamoja.

Bibi Odessa akavua koti, akaliviringisha kwenye goti la shaba, akalikumbatia kwa mikono miwili na kufunga vidole. "Sugueni hapa basi," alisema. "Mimi nimeshazeeka."

Wakasugua hapo. Hawakuwa watu wabaya, walitaka kushinda tu. Walisugua mikono yake mpaka redio zikalipuka kwa mtupo wa kwanza, wakasugua tena mpaka zikalipuka kwa wa pili. Kisha wakakimbia kwenda kushangilia, mmoja wao akarudi kumwokotea kofia.

Mikono ya Bibi Odessa ilitoka pale haina mistari, si ya viganja wala ya vidole. Alipokwenda mwaka huo kwenye ofisi moja walikotaka alama za vidole, karani alijaribu wino kidole hadi kidole, mwishowe akaandika kwamba mama huyu hana, akamtakia siku njema.

Jumapili asubuhi, alimkuta Tavaris ameweka mguu kwenye ndoo ya barafu.

"Andikisha jina," alisema.

"Na joho?"

"Joho ninalo la kwaya. Nitavaa hilo. Toka hapa, mwanangu, kabla hawajakumaliza."

Kocha Stamper aliipokea habari vizuri. Alimshika Tavaris mkono, akamwambia mlango uko wazi wakati wowote, kisha akainua simu kumpigia yule kijana mrefu.

Juni madaktari wa ligi walilipima goti. Waligonga kwa kinyundo, likalia ting. Wakaandika kwamba linalia. Usiku wa timu kuchagua wachezaji wapya, vijana waliotarajiwa kuchaguliwa nyuma ya Tavaris wakachaguliwa mbele yake, naye akapata timu usiku ukiwa unaelekea kwisha. Alicheza vizuri, na kule Harlow wakazidi kulisugua goti lake, sasa kwa bahati ya mtu aliyefanikiwa. Majira ya baridi ya tatu lilikuwa limebaki kama kokwa ya tende. Timu ikamshukuru, ikamwacha aende. Aliporudi Harlow kuuliza kuhusu masomo, alielezwa kwa adabu kwamba ufadhili wake ulikuwa wa goti zima.

Novemba iliyofuata alikuwa Hopkinsville, ameketi sebuleni, mguu juu ya stuli. Bibi Odessa alikuwa anasonya mbele ya televisheni. Harlow walikuwa wanafunua sanamu mpya. Ile ya zamani walikuwa wameisogeza nyuma ya maegesho. Yule kijana mrefu alisimama na suti, na ubavuni mwake alikuwepo mama yake na kofia ya kanisani, anacheka na kulia. Kocha akamwinamia mama huyo sikioni, akamwonyesha wapiga picha, akamwonyesha kiwiko cha shaba.

"Usiguse, dada," Bibi Odessa aliiambia televisheni. "Wee! Usiguse."

Mama wa watu akanyoosha mkono, akasugua. Uwanja ukashangilia.

Tavaris alikuwa amekwisha kushika goti lake, kama alivyozoea, akingoja maumivu. Akangoja. Halikuuma.

"Vipi?" bibi yake aliuliza.

"Si langu leo," alisema Tavaris.

Kwenye televisheni yule kijana mrefu alikuwa ameanza kujikuna kiwiko.