Simai Atafuta wa Kumpiga

Siku ile mjinga alikuwa Simai. Tulimalize hilo mapema, asije mtu akapoteza muda kumtafuta mwengine. Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi, wapumbavu hawakosekani, maana wanaume wazima huvaa magauni ya wake zao na kofia za pikipiki, wakatwangana kwa vigogo vya migomba huku wanacheka. Lakini wote wale walijua wanachokifanya. Simai peke yake ndiye aliyeshuka kiwanjani na nadharia.

Nadharia yenyewe ilikuwa fupi. Mila ya Mwaka inasema wenye kinyongo washuke, wapigane kwa migomba mpaka roho zitue, kisha wapeane mikono, na kilichoishia pale hakivuki kuingia mwaka mpya. Simai alikuwa na mtu mwenye kinyongo naye. Basi atashuka, atapigwa, watapeana mikono, atarudi mjini mwepesi kama karatasi.

Alikuwa anasoma falsafa na haki za binadamu chuo kikuu, mwaka wa tatu, na tusimnyime lake, alikuwa hodari. Alikuwa na uwezo wa kukaa barazani na wazee wa Kiembe Samaki akawathibitishia kwa hoja kwamba kahawa wanayoinywa huenda haipo. Wazee waliimaliza kahawa yote kabla hoja haijafika mwisho, lakini walikiri kwamba kijana anajua kusema. Na hapo ndipo balaa lilipotokea, kwenye kusema.

Mwenye kinyongo alikuwa Ubwa, mtoto wa shangazi yake. Kabla ya Ramadhani Ubwa alimfuata Simai nyumbani kwao Kiembe Samaki, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba dada yake, Mwanakheir, ana kifafa. Kwao walikuwa wamelificha jambo hilo tangu utotoni. Dawa anameza, na muda mrefu sasa hajaanguka. Tena kaposwa, na harusi inakaribia.

"Wewe ndiye unayesoma haki," Ubwa alisema. "Hebu nambie. Mume akija kujua baadaye, ana haki ya kumwacha? Na yeye dada ana haki gani?"

"Hilo zito, kaka," Simai akamjibu. "Niachie nilifanyie kazi."

Akalifanyia kazi.

Wiki ile ile walikuwa na semina Mji Mkongwe, ghorofani, madirisha wazi na honi za boti za Malindi zikiwakatiza maneno. Mwalimu wao, Bi Radhiya, aliwauliza faragha ni nini. Watu wakasoma ibara za mikataba. Bi Radhiya akapiga miayo. "Nipeni mtu," akasema. "Nimechoka na ibara. Nipeni mtu anayepumua."

Simai akasimama, akampa mtu.

Jina hakulitaja. Hilo alilishikilia kwa heshima zote, tena alitangaza kabisa: "Jina nalihifadhi, kwa sababu za kimaadili." Alitaja tu kwamba ni msichana wa Makunduchi, fundi cherehani, kaka yake mvuvi wa pweza, mchumba wake anapakia mizigo hapo bandarini Malindi, kijana mrefu, anatumia mkono wa kushoto, na harusi ni baada ya Idi. Kisiwa hiki ukimwambia mtu mshoto wa bandarini anayeoa Makunduchi, umeshampa na jina la bibi yake mzaa baba. Msichana mmoja alilia. Mwengine, Yusra, hakulia. Vidole vyake vilikuwa kwenye simu, na mama yake Yusra na mama yake yule mchumba ni majirani, ukuta kwa ukuta.

Siku hiyo Bi Radhiya alimwambia Simai mbele ya wote kwamba ana kipaji cha kuipa nadharia uso.

Ijumaa iliyofuata wanawake watatu wa kwao mchumba walikwenda Makunduchi. Wakanywa chai, wakayasifu maandazi, wakasema kijana wao ameona bora asubiri kwanza. Mwanakheir mwenyewe ndiye aliyewaletea sukari.

Baada ya hapo mtu angedhani wateja wake watamkimbia. Wapi! Waliongezeka. Wanawake ambao hawajawahi kushona kwake walileta vitambaa, wakakaa kusubiri hapo hapo, wakiulizwa kipimo cha mkono wanajibu kwa kuchelewa, macho wameyakaza usoni kwake. Walikuwa wanangoja aanguke. Asubuhi nzima wakangoja, na ilipokuwa haanguki waliondoka na nyuso za watu waliodhulumiwa.

Basi Mwaka ulipofika, Simai alikwenda Makunduchi, akabisha hodi kwa shangazi yake, Bi Amne.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Bi Amne alimtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, akarudi juu kwa njia ile ile. "Bahati yako umekuja leo. Siku ya Mwaka nyumba isiyo na mgeni ina mkosi, na mikosi tunayo ya kutosha. Ungekuja jana ningekufungulia mbwa."

"Hamna mbwa, shangazi."

"Ningeazima."

Akamwonesha pa kuweka mkoba, akamwambia chakula kinapikwa, atakula akirudi. Simai alipofika mlangoni, Bi Amne akaongeza, "Ukirudi."

Kiwanjani wanaume walikuwa wamejifunga makoti mawili mawili na mito tumboni. Simai alikuwa na fulana nyembamba ya klabu yao ya chuoni, imeandikwa kifuani kwa herufi kubwa: UTU HAUGUSWI. Alimwona Ubwa katikati ya vumbi, akapenya mpaka mbele yake, akasimama mikono ameiachia.

"Nipige."

"Toka hapa."

"Nipige, kaka. Leo ndiyo siku yake. Yatoke, yaishe."

Ubwa aliushika mgomba kwa mikono miwili, akauinua juu. Simai akafumba macho, na hapa tumsifu kidogo, hakukwepa. Alingoja. Pigo halikuja. Alipofumbua, Ubwa alikuwa ameushusha mgomba, anamtazama kama mtu anavyomtazama samaki wa jana.

"Mie ndiye niliyevunjiwa posa?" Ubwa aliuliza. "Mie ndiye wanayekuja kunitazama kama ntaanguka? Umekuja kwangu kwa sababu kwangu ni rahisi: unapigwa kidogo, unakwenda zako. Nenda kwa mwenyewe." Akageuka. Halafu kama aliyekumbuka jambo, akawapigia kelele wenzake: "Jamani! Huyu kijana wetu wa mjini anaomba kupigwa, na mie mkono umechoka!"

Walikuja mbio. Watu wasiokuwa na kinyongo naye hata chembe, wengine hawajawahi kumwona, walimpiga kwa furaha safi isiyo na sababu yoyote. Utu uliguswa mbele, ukaguswa nyuma, ukaguswa na sehemu nyengine ambazo maandishi hayakuzifikia. Alipojaribu kueleza kwamba yeye hana ugomvi nao, mzee mmoja aliyevaa gauni la maua alimwambia, "Wala sisi hatuna, mwanangu," akamtia mwengine wa mgongo.

Pembeni wanawake walikuwa wanazunguka na nyimbo zao, na kama kawaida ya siku ile, anayestahili kusemwa anasemwa:

"Jina hakulisema, ee, jina hakulisema!
Kasema cherehani, na mchumba kasema!"

Simai aliyasikia. Kumbe maneno yake ya darasani yamefika huku mazima, na yamepata na ngoma.

Alirudi nyumbani anachechemea. Bi Amne naye alikuwa ameshakwenda kiwanjani. Mwanakheir alikuwa peke yake ukumbini, kasogeza cherehani pembeni, anatandika mkeka. Alipomwona alicheka, cheko la kweli, mpaka akajishika ubavu.

"Wamekuweza. Kaa ule, usije ukasema kwa shangazi yako umelala na njaa."

Simai akakaa upande mmoja, ule usiouma. "Dada Mwanakheir, nimekuja kukuomba radhi."

"Ndiyo ukaanzia kwenye migomba?"

"Ubwa kanambia nije kwa mwenyewe. Na ni kweli. Haki ya kusamehe ni ya aliyekosewa, haina uwakilishi. Pale nilikosea kimantiki."

"Ulikosea kimantiki," Mwanakheir alirudia, polepole, kama anaonja chumvi. Akampakulia wali, akamwekea na nyama, nyingi tu.

"Sikukusudia ubaya, wallahi. Nilitaka watu waone maradhi si aibu. Na mchumba wako Kheir naye, dada, tuseme ukweli, siku moja angejua tu. Angejua, na..."

"Kheir alikuwa anajua."

Simai akalirudisha tonge sahani.

"Nilimwambia mwenyewe, tulipoposana tu. Hata Ubwa hana habari. Akanambia kwao yuko shangazi yake mwenye maradhi hayo hayo, kalea watoto sita. Jambo letu wawili, na tuliliweza. Lilipokuwa la bandari nzima ndipo lilipomshinda. Akinyanyua gunia wanamuuliza, 'Vipi bibi harusi, leo kaanguka?' Akiliweka chini wanamuuliza tena. Alivumilia wiki nzima, kisha akachoka. Simlaumu. Kula."

Simai akala kama alivyoambiwa. Lakini elimu ni elimu. Baada ya matonge mawili ilimrudia.

"Basi ndiyo maana nataka yaishe. Kinyongo kinamtafuna yule anayekibeba. Ukinisamehe, atakayepumzika ni wewe."

"Nani kakwambia sipumziki? Mie nalala vizuri. Tazama macho yako, hayo hayakuvimba kwa migomba."

"Mila yenyewe inasema..."

"Mila inasema wapigane waliogombana. Sisi hatujagombana, Simai. Ugomvi unataka watu wawili. Mie nilikuwa nashona, wewe ukasimama darasani."

Simai alikiweka chini kikombe cha maji. Aliona amebakiwa na neno moja la kumlainisha, na kama tulivyokwisha kusema, siku ile mjinga alikuwa yeye, akalitoa.

"Dada, utafiti wangu wa kumalizia chuo ni juu ya msamaha katika Mwaka Kogwa. Nataka kuitukuza mila yetu, wasomi waijue. Nimeshaandika yote. Umebaki mwisho tu."

Mwanakheir aliacha kupepea wali. "Na mimi nimo?"

"Hayumo mtu kwa jina."

"Na huo mwisho, unautaka uweje?"

"Nilitarajia... kwamba tutapeana mikono."

Akaunyoosha mkono, punje za wali zingali vidoleni. Mwanakheir alijifuta mikono yake kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja, na kwa muda ule Simai aliamini atapewa mkono. Mwanakheir akaichukua sahani iliyokuwa mbele ya Simai, akaifunika kawa, akaisogeza kando.

"Sikusamehe," akasema kwa upole, kama anayemwambia mteja kwamba gauni halitawahi sikukuu.

"Lakini kwa nini, dada? Nimekiri, nimepigwa, nimekuja kwa mwenyewe. Kipi kimebaki? Nipe sababu moja tu ya haki."

"Kwa sababu nikikusamehe, utakwenda kuwahadithia."