Chama Kilichojishtaki

Mke wangu ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu ya chuo, na mimi ndimi mlezi wa Chama cha Mdahalo. Anayedhani ndoa ya namna hiyo ni raha, na ajaribu. Wiki ile chama changu kiliposhtakiwa, mezani kwetu tulizungumzia bomba linalovuja tu.

"Kesi ibaki chuoni, Baba Pacha," alinionya huku akinipakulia. "Ukikitaja chama chako hapa, utakula jikoni peke yako."

Nikanywea. Mama Pacha hatanii.

Kosa lenyewe, niseme kweli, lilikuwa kosa. Vijana wangu walifanya mdahalo katika chumba kinachopakana na ukumbi mkubwa, asubuhi ambayo wanafunzi wa uhandisi walikuwa humo ukumbini wakifanya mtihani wa madaraja. Hoja ilikuwa "Mama mkwe akae mbali." Watu walipiga meza, walishangilia, walicheka wakashika mbavu. Upande wa pili wa ukuta, watahiniwa waliacha kuandika wakatega masikio. Mmoja wao, bwana harusi wa juzijuzi, akajisahau kabisa. Aliulizwa daraja litahimili uzito gani, akajibu ukurasa mzima kwamba mama mkwe akae mbali, ila siyo mbali sana, maana wajukuu watalelewa na nani? Mwalimu wa Madaraja aliposahihisha karatasi ile alikuja nayo ofisini kwangu akaibwaga mezani. Hakutaka chama kionywe. Alitaka kifutwe.

Mimi nafundisha habari za udongo, na udongo haubishani na mtu. Pengine ndiyo maana nakipenda mno chama kile. Nimeona watoto wakiingia mle wameinamisha vichwa, wakatoka wakitazama watu usoni. Aliyekuwa na mengi ya kupoteza kuliko wote ni binti mmoja anayesomea ualimu, ambaye wenzake walimwita Nukta. Jina alilipata kwa haki: alikuwa akisimama kuchangia, anasema sentensi moja, anameza mate, anakaa. Muhula uliofuata alitakiwa kwenda mazoezi ya kufundisha, asimame mbele ya darasa zima, na katika chama alikuwa akijikaza kuongeza sentensi mojamoja.

"Mwalimu, chama kikifutwa," aliniambia, "mimi nitafundisha kwa ishara."

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki.

Siku moja kabla ya shauri tulikutana kujipanga. Mwenyekiti wa chama, kijana mrefu anayevaa tai hata siku ya kufua, tunayemwita Mheshimiwa, akagonga meza.

"Hoja iliyo mbele yetu: chama hiki kifutwe."

Kisha akatoa kofia. Lazima nieleze kofia hiyo. Katika chama chetu hakuna hoja inayosemewa upande mmoja. Vikaratasi vinatiwa kofiani, kila msemaji anachota, na ulichochota ndicho utakachokitetea, upende usipende.

"Ninyi mna wazimu?" nikafoka. "Huu siyo mdahalo, hii ni kesi! Mshtakiwa anajitetea, hajishtaki!"

"Mwalimu, kanuni ni kanuni," akajibu Mheshimiwa. "Tukiivunja siku tunayoogopa, basi hatukuwahi kuwa nayo."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kofia ikazunguka. Mheshimiwa akachota kukitetea chama. Nukta akafungua kikaratasi chake, akakisoma, akakikunja tena polepole. Amechota kusema chama kifutwe.

"Badilishaneni basi," nikawasihi.

"Hapana, Mwalimu," akasema Nukta. Akakaa.

Chumba cha kamati kina meza ndefu, zulia linalonuka vumbi, na feni inayozunguka huku ikilalamika. Mke wangu alikuwa kichwani mwa meza, miwani kwenye ncha ya pua, ananitazama kama mtu asiyejua hata ninakoishi. Mwalimu wa Madaraja alikaa kulia kwake. Mheshimiwa akaomba pande zote mbili za chama zisikilizwe.

"Chama kinataka kujishtaki?" akauliza mke wangu. Akawatazama wajumbe, wajumbe wakamtazama. "Haya, endeleeni. Hili sijawahi kuliona."

Mheshimiwa akaanza. Masikini kijana wa watu! Alizungumzia katiba, uhuru, falsafa na bahari ya elimu, mpaka mjumbe mmoja akaanza kukagua kucha zake. Mtihani hakuutaja hata kwa bahati mbaya. Nilitamani lile zulia linifunike.

Kisha akasimama Nukta.

"Mwenyekiti," akasema. Akameza mate. Nikajua sasa anakaa, na nafsi yangu ikamwomba akae.

Hakukaa.

"Huko nje wenzangu wanasema hatukujua kwamba ukuta ule ni mwembamba. Tulijua. Mwalimu wa Madaraja akifundisha ukumbini, sisi tunamsikia anavyokohoa. Tunajua hata anapofuta ubao, maana hapo hukohoa zaidi."

Mwalimu wa Madaraja akajizuia kukohoa, akashindwa.

"Sisi tuna siku nyingi za kubishana," Nukta akaendelea. "Wale walikuwa na asubuhi moja. Mwenzangu wa chumbani alikuwa mmoja wao. Muhula mzima alisoma miguu ikiwa kwenye beseni la maji ili asisinzie. Siku ile alirudi akaniambia, 'Mmenichekesha sana, lakini nimefeli.' Chama chetu kinajisifu kwamba kinafundisha watu kusikiliza. Siku ile hatukumsikiliza yeyote. Chama kisichosikiliza ni kelele tu, na dawa ya kelele ni kuzimwa."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, ila hawakunionya kwamba mshindo wenyewe utaniangukia mimi. Mwalimu wa Madaraja alikuwa ametoa leso. Mheshimiwa naye, kwa mazoea ya chama, akajisahau akauliza, "Wanaoona upande huu umeshinda?"

Mikono yote ya meza ile ikanyooka. Hata wa mke wangu. Ndipo Nukta alipotambua ameshinda nini. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka.

"Binti," mke wangu akasema, na sauti ilikuwa ile ya nyumbani, "umejifunza wapi kusema hivi?"

Nukta akajifuta uso. Akawatazama wenzake waliopanga mstari nyuma yake.

"Hapa," akasema. Akakaa.

Aliyeanza kusema ni Mwalimu wa Madaraja.

"Mwenyekiti, mimi ndiye niliyetaka kifutwe. Nimefundisha mpaka nimeota mvi, na sijawahi kumsikia mwanafunzi akitaja kosa lake bila kona hata moja. Kitieni adabu, lakini msikifute."

Adabu kilitiwa. Wahandisi walirudia mtihani wao kwa utulivu. Chama kiliwaomba radhi hadharani, msemaji akiwa Nukta, na bwana harusi yule akaomba uanachama papo hapo. Tulihamishiwa kibanda cha nyuma ya uwanja wa michezo, ambako jirani yetu ni mashine ya kukata majani, na majira ya mitihani ni midomo kufuli.

Jioni ya shauri lile marufuku ya mezani iliondolewa.

"Tangu mwanzo nilitafuta njia ya kukiokoa," Mama Pacha aliniambia. "Lakini ningekitetea kwa neno moja tu, chuo kizima kingesema namtetea mume wangu. Yule mtoto alinipa sababu mkononi."

"Kwa kukishtaki!"

"Kwa kukishtaki."

Pacha wetu walikuwa wamekwisha kuleta kofia yangu mezani, wanataka tuchote nani aoshe vyombo.

"Hoja hii haina kofia," mama yao akasema, akanitazama mimi. Nikakunja mikono ya shati.

Nilikuwa kwenye sinki aliponifuata na kitambaa cha kukaushia.

"Baba Pacha. Yule binti aliposema 'Hapa', ulilia."

"Nilie nini? Ni vumbi la zulia lenu lile. Siku nyingi nawaambia kwamba zulia lile linahitaji..."

"Baba Pacha."

"Nililia," nikasema, nikaendelea kusugua sufuria.