Uzi Uliorudishwa

Vumilia alikuwa akikata gauni la mteja kwenye kibanda chake cha cherehani, sokoni Kharumwa, simu ilipoanza kulia mfululizo. Ni wanachama wa Kijiwe cha Machimboni, mtandao ambao watu kuanzia Bulyanhulu mpaka Geita hubandika linki za habari, wakazijadili, wakazipandisha au kuzishusha kwa kura. Marehemu mumewe ndiye aliyeuanzisha. Alipofukiwa na duara, shimo la kuchimbia dhahabu, usimamizi ukabaki kwa Vumilia na shemeji yake, Enock. Kanuni zilikuwa chache, na moja Vumilia hakuwa na mchezo nayo: usibandike sura ya mtu ukamwita mhalifu bila habari ya kuthibitisha.

Uzi uliowashtua, yaani bandiko na mjadala wake, ulikuwa na picha ya mwanamume mnene, shati la bluu, ameegemea pikapu nyeupe. "Mwizi wa watoto. Yuko Kharumwa sasa hivi. Soma linki."

Akaifungua linki. Ilikuwa habari ya miaka sita nyuma, ya nchi nyingine kabisa, na mtuhumiwa wake hakufanana na huyu hata ukucha. Akaufuta uzi, akamfungia aliyeubandika, akashika tena mkasi.

Hazikupita dakika kumi, uzi ukarudi juu ya ukurasa, na kura mia tatu. Akampigia Enock, aliyekuwa Kalangalala, Geita mjini.

"Shemeji, uzi wa yule mtu umeurudisha wewe?"

"Mimi. Una linki. Kanuni inataka nini tena?"

"Linki yenyewe umeisoma?"

"Watasoma wenyewe, shemeji. Hatujawahi kupata watu wengi namna hii. Tukifuta kila kitu tutabaki mimi na wewe."

"Mtu atauawa, Enock!"

"Watu wana haki ya kujua."

Kabla hajamjibu, upande wa mnada ukasikika mwano, ule ukelele wa Kisukuma unaomtoa mtu shambani na jembe mkononi. Vumilia akautupa mkasi, akakimbia.

Watu walikuwa wamemkuta yule mtu wa pichani akishusha mipira ya maji. Jina lake Donatus, fundi wa pampu za kukausha maduara, lakini hilo lilijulikana baadaye. Vumilia alipopenya umati, mtu huyo alikuwa amepiga magoti, taya limeteguka linaning'inia, jicho la kushoto halionekani kwa damu. Kila alipoinua mkono kujikinga, mpini wa jembe uliushukia. Mara ya tatu mfupa ulilia kama muwa unaovunjwa gotini. Donatus akaita, "Mayu!" akimlilia mama yake, na watu wakacheka.

Ndaki, muuza mahindi wa jirani na kibanda cha Vumilia, alikuwa anabingirisha tairi.

"Ndaki, acha!" Vumilia akamkinga yule mtu kwa mwili wake. "Kijiwe nakisimamia mimi! Habari ni ya uongo, nimeshaifuta!"

Ndaki akamwonyesha simu yake usoni. "Umeifuta? Hii hapa ni nini?"

Uzi ulikuwepo.

"Mwenzake huyo!" sauti ikapaa nyuma.

Jiwe likampiga mdomoni. Alihisi meno yakimwagika juu ya ulimi kama punje, kisha rungu likamwangukia begani, akalala kifudifudi juu ya Donatus. Mateke yakaja mbavuni kutoka pande zote. Kitu cha baridi kikammwagikia mgongoni, na harufu ikamwambia ni petroli. Alimsikia mtu akiulizia kiberiti, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaka kuwasha sigara.

"Mtoto wa nani?"

Alikuwa Scolastika, muuza dagaa, amepanda juu ya meza yake. "Nauliza, kaibiwa mtoto wa nani? Mzazi ajitokeze!"

Watu wakatazamana. Huyu alidhani ni wa yule, yule alidhani ni wa kijiji cha pili. Scolastika akauliza tena na tena, anamnyooshea kidole mmoja mmoja kwa jina, na kila aliyetajwa akainamisha uso. Wakati bado wanatazamana polisi wakafika, wakapiga risasi mbili hewani, na soko likabaki tupu.

Donatus alipona, ila jicho moja lilikwenda na mkono haukunyooka tena. Vumilia alipoteza meno manne. Siku ya nne Enock alimfuata wodini, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Polisi wanataka orodha ya aliyefuta uzi na aliyeurudisha. Ifute, shemeji. Damu nzito kuliko maji."

"Ya Donatus ilikuwa nyepesi?" Maneno yalimtoka kwa shida katikati ya nyuzi za midomoni. "Nilikupigia, Enock. Nilikwambia atauawa."

Enock akalia. Vumilia naye akalia, kwa sababu alimpenda, tena alifanana na kaka yake. Kisha akamwomba muuguzi simu, akawatumia polisi orodha nzima.

Enock alikamatwa Jumatatu, pamoja na Ndaki na wengine saba. Jioni ile mama mkwe wa Vumilia aliingia wodini, akasimama mlangoni na kanga mkononi.

"Umemtoa mwanangu kwa polisi?"

"Nimemtoa, mama. Shikamoo."

Bibi yule aliutazama kwa muda mrefu mdomo ule uliovimba. Hakuitikia. Akageuka, akaondoka.